Kwanini wanachuo tunaacha kufanya mazoezi: maswali mnayoniuliza mara kwa mara, toleo la Tabora

Haya maswali nimeyakusanya kwenye kikundi chetu cha tizi, yaani mazoezi, cha jioni hapa Tabora. Mengine nimeulizwa njiani, mengine yanaletwa usiku inboksi na watu wasiotaka kuuliza mbele za wenzao. Mimi ni dada wa mwaka wa tatu, sio daktari wala kocha, ila hili jambo nimeishi nalo na limenikaa moyoni kwa hiyo naandika kwa kirefu.

Kwani si uvivu tu?

Hapana jamani, na naomba tuanzie hapa maana hili ndo jibu ambalo kila mtu analo mdomoni.

Chukua kijana aliyemaliza form six akaenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), tuseme kambi ya hapahapa Msange. Miezi mitatu anaamshwa usiku, anakimbia, analima, anabeba. Anatoka pale anang'aa. Anaingia chuo mwezi wa kumi na moja, ukifika mwezi wa nne anapanda ngazi za ghorofa ya pili anasimama katikati kushika ukuta. Huyo amekuwa mvivu lini? Ni mtu yuleyule.

Kilichobadilika ni kengele. Sekondari ulikuwa na mchakamchaka alfajiri, kufyeka, kufagia, kuchota maji, kutembea bwenini darasani bwalo, na ukichelewa kuna mwalimu wa zamu na fimbo yake. Mwili wako ulikuwa unafanya kazi kila siku na wewe hata hukuwahi kuamua. Ukifika chuo vyote vinaondoka ndani ya wiki moja na hakuna mtu anayeweka kitu kingine pale. Unaambiwa sasa wewe ni mtu mzima jipange, wakati hujawahi kufundishwa kujipangia mazoezi, ulifundishwa kukimbia ukiogopa fimbo. Ndo maana wengi tukisikia neno mazoezi moyoni tunasikia adhabu.

Kwa hiyo nikiongea na mtu aliyeacha simuulizi kwanini mvivu, namuuliza siku yako ikoje kuanzia unaamka mpaka unalala. Sababu huwa imo humo.

Kiasi gani kinatosha? Mi nilidhani mpaka uwe unatoka jasho kila siku.

Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema mtu wa miaka 18 hadi 64 apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, au dakika 75 mpaka 150 za shughuli nzito, na siku mbili au zaidi kwenye wiki afanye kitu cha kutumia nguvu za misuli. 150 ni nusu saa mara tano tu. Wastani maana yake unaweza kuongea na mwenzako ila huwezi kuimba. Ukishindwa kumaliza hata sentensi hiyo ni nzito.

Zamani walikuwa wanasema lazima zifike dakika kumi mfululizo ndo zihesabiwe, mwongozo huo ukaondoa hilo sharti. Kwahiyo dakika 4 za kuwahi pindi (kipindi cha darasani) kwa mwendo wa haraka zinahesabika, na 6 za kurudi zinahesabika pia. Nikiwaambia watu hili huwa naona kabisa bega linashuka.

Na zile hatua 10,000 kwenye simu zisikutishe, namba hiyo ilianzia Japani 1965 kwenye jina la kifaa cha kuhesabu hatua, manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Ilikuwa biashara. Ukitoka hatua 3,000 ukafika 6,000 umeshafanya kitu kikubwa.

Pia usijione uko peke yako, kwa hesabu za 2022 watu wazima kama asilimia 31 duniani hawafikishi hicho kiwango, na wanawake wanaoshindwa ni wengi kuliko wanaume. Sababu ya hilo la wanawake naijua vizuri, nitaifikia.

Sina muda kabisa, pindi asubuhi, pindi mchana, diskasheni usiku.

Hili ndo namba moja, kila kikao kipya linaanza hili. Na mimi siwezi kukwambia una muda ila unaupoteza, maana ratiba zetu kweli zimekaa vibaya: pindi saa 1 asubuhi, halafu hamna kitu mpaka saa 5, halafu saa 8, halafu mwalimu anatuma meseji kwa CR (kiongozi wa darasa) kwamba kahamishia saa 11 jioni. Siku nzima umekaa standby. Muda upo ila umekatwa vipande na hakuna kipande kinachotosha kwenda kubadili nguo, kukimbia, kuoga na kurudi.

Semista iliyopita nilichukua Jumanne yangu moja nikaiandika kwenye daftari la nyuma, nusu saa kwa nusu saa. Kimbweta, yale mabenchi ya nje ya kusomea, kilikula masaa mawili na nusu. Nilikaa pale na wenzangu wanne tukisema tunasubiri pindi, kitabu kimefunguliwa ukurasa uleule, simu mkononi. Niliumia kuiona ile karatasi kwa sababu siku ile ningekuapia kwamba sina hata dakika kumi.

Tulichofanya ni kwamba vile vipande vya katikati tukavigeuza vya kutembea. Mtu akisema twende kimbweta tunasema twende tukizunguka, tunaongelea swali la asaimenti huku tunatembea, kama mnasoma kwa kuulizana inafaa sana. Unabaki na nguo zako hizohizo na jasho halifiki la kuoga.

Wiki ya test na UE (mitihani ya mwisho wa semista) ndo watu wote wanapotea, wanasema ngoja nimalize. Nawaelewa, sapu (kurudia mtihani) inatisha, diski (kufukuzwa masomo) ndo usiseme. Ila ni wiki hiyohiyo unakesha, hulali vizuri, kichwa kimejaa, na mwili ukitembea hata dakika 20 usingizi unakuja vizuri na wasiwasi unapungua. Punguza lakini usikate kabisa, maana ukikata huwa harudi mtu, nimeona.

Nikishafanya tizi jioni, kukaa darasani siku nzima hakuna shida?

Shida ipo japo umeipunguza sana. Kuna utafiti wa Jerry Morris wa London, ulitoka 1953, aliangalia madereva wa mabasi na makondakta wao. Kampuni moja, mabasi yaleyale ya ghorofa, ila dereva kakaa na konda anapanda na kushuka ngazi kutwa nzima kukata tiketi. Madereva walikuwa wanaugua moyo zaidi ya makonda. Sisi hapa tunamdharau konda anayening'inia mlangoni, kumbe kazi yake inamlinda.

Wewe darasani uko kwenye kiti cha dereva. Mwalimu akitoa dakika tano, simama, toka nje, shuka ngazi urudi. Usibaki umeinamia simu.

Bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) likiisha nakula mara moja kwa siku, hayo mazoezi nitafanya na nini?

Hili swali nikiulizwa huwa siliharakishi. Wanaosema wanachuo hawana mwamko hawajawahi kupiga pasi ndefu, yaani unakula saa 9 alasiri ili chakula kimoja kifanye kazi ya chai, mchana na usiku. Mtu aliyepiga deshi, yaani hajala, toka jana ukimwambia akimbie kilomita tano unamuumiza.

Kama hujala, usikimbie. Tembea taratibu, nyoosha viungo, basi. Siku umekula ndo ufanye zaidi. Na kwenye chakula, hela ile ya chipsi kavu na soda angalia kama haikuletei kitu kinachokaa tumboni zaidi. Hapa Tabora tumebarikiwa vitu ambavyo watoto wa mjini wanavionea aibu, michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga. Bibi zetu walikuwa wanavipika ndo familia inaenda shamba. Rumeti wangu alikuwa anaficha kifuko chake cha matobolwa chini ya nguo kwenye begi, aliona wenzake watamwita wa kijijini, siku tumekaa tumechoka baada ya kukimbia akakitoa akagawa kimyakimya, kikaisha. Sasa ndo chakula chetu cha Ijumaa, tunachangishana. Maharage pia, na maembe msimu wake ukifika maana hapa yanaoza chini ya miti.

Na kama deshi imezidi ongea na mtu, mlezi wa wanafunzi au hata sisi. Tusiite njaa uvivu.

Jimu ni hela, siwezi.

Huhitaji. Pushapu, skwati, kuruka kamba, kupanda ngazi, ndoo ya lita kumi yenye maji kila mkono. Kamba ya kurukia tulikata ya katani sokoni. Raba za mtumba zipo, angalia soli isiwe imekauka kama plastiki na usinunue ya kubana eti itajiachia.

Mimi ni msichana, nikitoka kukimbia napigiwa miluzi. Nifanyeje?

Mdogo wangu, hapa ndo nilikuwa nataka kufika.

Mara yangu ya kwanza kukimbia nikiwa chuo nilitoka peke yangu, traki suti, tisheti kubwa, na khanga nimeifunga kiunoni kwa sababu kutoka geti mpaka barabarani unapita kijiwe cha boda. Sikumaliza hata mita mia mbili. Mmoja aliwasha pikipiki akanifuata taratibu pembeni, hakunigusa, alikuwa anasema tu maneno, "mama unakimbia nini njoo nikupeleke." Khanga ilikuwa inafunguka kila hatua kumi, mkono mmoja nimeishika. Nikageuza. Nilikaa miezi saba sijajaribu tena, na watu wakiniuliza nilikuwa nasema sina muda.

Ndo maana msichana akiniambia hana muda huwa nasubiri kidogo. Mara nyingi nyuma yake kuna kijiwe.

Kilichotusaidia ni idadi. Wakiwa wasichana sita pamoja yale maneno yanapungua sana, wakiwa kumi na mbili kaka zetu wawili watatu wakiwemo yanaisha. Baadae tulienda kwa wale wa kijiweni wenyewe, tukamsalimia mwenyekiti wao, shikamoo, tukamwambia sisi ni wadogo zenu tunapita hapa kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Alituelewa. Siku hizi kuna mmoja anatuhesabia tukirudi. Sijui kama kila kijiwe kitakuwa hivyo lakini jaribuni, nendeni wengi na nendeni na heshima.

Mengine mnayouliza kwa siri: nguo, vaa unachoruhusiwa na unachojisikia salama nacho, wapo wenzetu wanakimbia na hijabu na suruali pana na wanatuacha nyuma. Sidiria ikaze vizuri, kama huna ya mazoezi vaa mbili za kawaida juu ya nyingine. Nywele, ndio jasho linaharibu na kusuka ni hela, wengi tunasuka mabutu au twende kilioni. Hedhi haikatazi mazoezi, kuna wanaosema tumbo linapungua hata, ila siku ukisikia vibaya pumzika bila kuomba msamaha. Na hapana, hutakuwa na mabega ya kiume kwa kukimbia na kuruka kamba.

Asubuhi au jioni?

Kwa Tabora nasema jioni, na ipo sababu. Tanzania nzima tunatumia majira yaleyale ya saa lakini sisi tuko magharibi, jua linatufikia kama dakika 25 nyuma ya Dar es Salaam. Rafiki yako wa Dar akikwambia anatoka saa 12 kasoro asubuhi kwake kumeshaanza kupambazuka, kwako hapa bado giza na mbwa wako nje. Ila jioni ile iliyochelewa ndo faida yetu, saa 12 na nusu bado unaona vizuri barabarani wakati Dar taa zimeshawaka. Joto la mwezi wa tisa na wa kumi pia ni kali mchana, kufika saa 11 na nusu limetulia na ile barabara ya miembe ina kivuli chake.

Wenye swala au ibada pangeni kwa kuizunguka. Ramadhani tunatembea tu dakika chache kabla ya kufuturu, au tunasogeza baada ya futari kwa wanaokaa ndani ya geti.

Mvua je?

Mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne ni mvua, ndo hapohapo chuo kimefunguliwa, kwa hiyo wa mwaka wa kwanza wanaanza na tope. Fanyeni barazani, ngazi na kamba. Radi ikianza usijibanze chini ya mwembe hata kama umelowa kiasi gani, mti mrefu ndo unaopigwa, ingia ndani ya nyumba.

Tulikuwa na uwanja, sasa hivi hatuna.

Najua na inauma. Chuo kimoja ninachokijua walikuwa na kiwanja cha netiboli, yale magoli ya mabomba, dada zetu walikuwa wanacheza pale kila jioni. Tuliporudi kutoka likizo tulikuta limewekwa tofali, baadae nguzo, baadae ikawa parking. Hakuna aliyeuliza wala hakuna kilichojengwa mbadala. Magoli yalikuwa yamelala ukutani nyuma ya jiko. Majengo tunayahitaji sawa, ila kiwanja kikiondoka anayekosa pa kwenda kwanza ni msichana, maana wavulana watapata mchangani popote.

Wawakilishi wa serikali ya wanafunzi, hili ni lenu. Andikeni barua mapema kabla tofali halijashushwa.

Mimi sio mwanamichezo, sijui mpira, naogopa kuchekwa.

Chuoni kwetu michezo maana yake timu. Timu inachukua kumi na mmoja na akiba, hao ndo walewale waliotoka UMISSETA (michezo ya shule za sekondari) na miguu yao, halafu sisi mia nane tunabaki kushangilia. Na tunapenda mpira kweli, mechi ya Simba na Yanga kibanda umiza hapatoshi, lakini mpira wenyewe tunaukalia kwenye benchi na mkeka wa kubeti mkononi.

Kwahiyo usingoje kuchaguliwa. Rede unaijua toka utotoni. Kamba unaijua. Wakicheka, watacheka wiki ya kwanza. Kuna kaka mmoja kwetu mnene, alianza kwa kutembea nyuma yetu mita hamsini kwa makusudi ili asionekane yuko nasi, tukawa tunapunguza mwendo bila kumwambia. Sasa yeye ndo anapiga filimbi.

Nimeanza jana leo siwezi kukaa.

Kawaida, misuli ikizinduliwa inauma zaidi siku ya pili na ya tatu halafu inaachia. Tembea, usilale tu. Ikiwa ni kiungo kimevimba au maumivu ya kuchoma sehemu moja, acha.

Nina selimundu / pumu / nimetoka kuumwa malaria.

Ukiwa na homa usifanye kabisa, pona kwanza, na ukitoka malaria anza na matembezi mafupi. Pumu, uwe na dawa yako ya kuvuta mfukoni na mwenzako mmoja ajue. Selimundu kanda hii tunao wengi, ongea na daktari wako wa kliniki kwanza, kunywa maji kabla na katikati, usishindane, pumzika mapema, kwepa jua kali na baridi ya kulowa. Yeyote kifua kikibana au akizimia, hiyo ni hospitali, Kitete au kituo cha karibu, usiku huohuo.

Geto langu ni mbali, naendesha baiskeli kwenda chuo. Inahesabika?

Inahesabika yote! Huyu aliyeniuliza anakaa Ipuli na aliuliza kwa sauti ya chini kama anaomba radhi, kumbe ndo anafanya kuliko sisi wote. Tumejengewa picha kwamba mazoezi ni ya mtu mwenye raba nyeupe, anayekwenda kwa baiskeli ni maskini tu ambaye hana nauli. Bumu linaingia kitu cha kwanza tunapanda boda.

Mji huu umekua kwa miguu. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kutoka hapa hadi Bagamoyo na mzigo wa kilo 30 hivi begani au kichwani, miezi njiani. Sio kwamba tuirudie taabu ile, ila mtoto wa Tabora asione aibu kutembea. Jumamosi tukipata nafasi tunaenda Kwihara kwenye tembe la Livingstone, ile nyumba ya zamani aliyokaa yule msafiri Mwingereza, kwenda na kurudi kwa miguu na maembe njiani.

Nimeanza mara tatu nikaacha mara tatu.

Basi usianze peke yako mara ya nne, na usianze na ratiba ya siku sita. Tafuta mtu mmoja mnayekaa hosteli moja au geto la jirani, anayeweza kuja kugonga mlango. Meseji haitoshi, meseji unaisoma umelala. Shikilieni na kitu ambacho mnafanya tayari, sisi tulishikilia maji: kila mtu jioni alikuwa anaenda kuchota ndoo, tukakubaliana tukishaweka ndoo ndani hatukai kitandani, tunatoka hapohapo. Ukikaa kitandani imeisha hiyo.

Ukikosa siku moja njoo inayofuata, hatuulizi ulikuwa wapi. Ukikosa wiki mbili tunakuja kukuangalia, maana mara nyingi mtu anakuwa anaumwa au kaishiwa.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, saa 11 na nusu jioni, tunaanzia pale getini chini ya mwembe mkubwa. Njoo na chupa yako ya maji, nguo yoyote, hata yebo wiki ya kwanza tunakutembeza tu.